Injini Ndogo Ipewe Maisha ya Pili: Pistoni ya Ovasaizi na Wajibu wa Kamati

Mada iliyotolewa na kitengo cha ufundi kwa wajumbe wa kamati za maendeleo za sharika na wafadhili, mjini Moshi



 Mada yetu ni ya ufundi, na huenda baadhi yenu mmejiuliza inamhusu nini mjumbe wa kamati ambaye hajawahi kufungua injini. Tunaamini inamhusu sana. Fundi ndiye anayeshika spana, lakini kamati ndiyo inayoamua kama injini itengenezwe, iuzwe kama chuma chakavu, au fedha za waumini na za wafadhili zitumike kununua nyingine. Mara nyingi uamuzi huo hufanyika bila kipimo hata kimoja kuwekwa mezani. Shabaha yetu leo ni kwamba kila mjumbe aondoke hapa akijua ni vipimo gani vya kudai kabla ya kuidhinisha fedha.

Injini zetu ziko wapi, na kwa nini zinachoka

Ndugu wajumbe, sehemu za juu za mlima wetu zimejaliwa maji yanayoshuka yenyewe. Wazee walichimba mifongo, na hadi leo mifereji hiyo hufikisha maji kwenye migomba na kahawa bila kutumia lita moja ya petroli. Ukishuka tambarare, upande wa Mabogini, Chekereni na Kahe, hali ni tofauti. Huko mkulima wa nyanya au vitunguu huhitaji pampu ndogo ili kuyainua maji kutoka mferejini au kisimani. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi uliokamilika mwaka 1987 ulizoesha wakulima wa mpunga kufanya kazi kwa mashine, na baada ya Kilimo Kwanza kutangazwa mwaka 2009 pawatila zilisambazwa katika wilaya nyingi nchini. Mwaka 2010 kanuni za leseni za usafirishaji ziliitambua pikipiki kuwa chombo cha kubeba abiria kwa malipo, na leo bodaboda zinapanda hadi vijiji vilivyo karibu na msitu. Ni kweli kwamba mashine nyingi za kusaga zimehamia kwenye mota za umeme. Hata hivyo, ukihesabu pampu, jenereta za zahanati, mashine za kumenya kahawa na pikipiki za wainjilisti, sharika zetu bado zina injini ndogo nyingi.

Adui mkubwa wa injini hizi ni vumbi. Udongo wetu wa volkano una rutuba, lakini wakati wa kiangazi hupeperuka kama unga. Chujio la hewa likichanika, au likiondolewa kwa madai kwamba "injini ipumue vizuri", vumbi hilo huingia ndani ya silinda, likachanganyika na oili na kuwa kama msasa. Kila mzunguko wa injini unasugua.

Silinda haichakai sawasawa. Huchakaa zaidi upande wa juu, pale ringi ya kwanza inapogeukia, kwa sababu huko joto ni kubwa na oili ni chache. Huchakaa zaidi pia upande ule ambao pistoni inasukumwa wakati petroli inapowaka. Matokeo yake ni kwamba silinda iliyotoka kiwandani ikiwa duara kamili na yenye upana mmoja, sasa ni pana juu kuliko chini, na ukiitazama kwa kipimo ina umbo la yai. Jicho halioni, na kidole kinaweza tu kuhisi ukingo mdogo karibu na mdomo wa silinda.

Tujue ugonjwa kabla ya dawa

Si kila injini iliyokosa nguvu ina ugonjwa wa silinda. Tuanze na rangi ya moshi. Moshi wa bluu ni dalili kwamba oili inaungua. Moshi mweusi ni dalili kwamba petroli ni nyingi kuliko hewa, na huenda tatizo ni kabureta au chujio lililoziba. Moshi mweupe asubuhi ya baridi huweza kuwa mvuke tu unaoisha baada ya dakika chache.

Jambo la pili ni mwinuko wa mahali, ambao sisi wa Kilimanjaro hatupaswi kuusahau. Hewa hupungua uzito kadiri tunavyopanda, na injini ndogo ya kawaida hupoteza takriban asilimia 3 hadi 4 ya nguvu zake kwa kila mita 300. Moshi mjini tuko kwenye mita 800 hivi juu ya usawa wa bahari. Injini ikipelekwa kijiji kilicho kwenye mita 1,700, itakuwa imepoteza karibu asilimia 10 ya nguvu ilizokuwa nazo mjini, na hakuna pistoni itakayozirudisha. Kamati isichange fedha kutibu ugonjwa ambao ni mlima wenyewe.

Jambo la tatu ni jaribio rahisi la mgandamizo, kile mafundi wanachokiita kompresheni. Fundi hufungua plagi, hufunga kipimo, huvuta kamba ya kuwashia mara kadhaa na kuandika namba anayoiona. Kisha humimina kijiko kidogo cha oili kwenye tundu la plagi na kupima tena. Namba ikipanda sana, oili imeziba pengo kati ya ringi na silinda, kwa hiyo uchakavu uko hapo. Namba ikibaki pale pale, tatizo lina uwezekano mkubwa wa kuwa kwenye valvu au gasketi ya hedi, na kuchonga silinda kutakuwa ni kupoteza fedha. Jaribio hili halichukui hata nusu saa.

Kwa nini ringi mpya peke yake hazitoshi

Hapa ndipo sharika nyingi hupoteza fedha kidogo kidogo. Pampu inatoa moshi wa bluu, fundi anaombwa afanye kazi kwa bei nafuu, anaweka ringi mpya na kurudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Kwa wiki chache pampu inafanya kazi vizuri. Halafu moshi unarudi, ringi nyingine zinanunuliwa, na msimu wa kiangazi unaisha mazao yakiwa yamekauka.

Sababu ni rahisi kueleza. Ringi mpya ni duara, na silinda iliyochakaa ni yai. Ringi itagusa sehemu chache na kuacha mianya sehemu nyingine. Tena kila inapopanda hulazimika kutanuka, na kila inaposhuka hulazimika kubanwa, mara elfu kadhaa kwa dakika. Inachoka upesi, wakati mwingine inavunjika, na kipande chake kinachora silinda nzima. Ringi mpya peke yake zinafaa pale tu ambapo silinda imepimwa na kuonekana kuwa bado iko ndani ya kiwango. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ufa ni silinda yenyewe.

Ovasaizi ni akiba yenye hatua

Dawa ya silinda iliyochakaa ni kuichonga upya ili irudi kuwa duara na yenye upana mmoja kutoka juu hadi chini. Kwa kuwa sasa imekuwa pana zaidi, pistoni ya zamani haiifai tena. Inahitajika pistoni kubwa kidogo pamoja na ringi zake, na hiyo ndiyo inayoitwa ovasaizi.

Viwanda hutengeneza pistoni hizi kwa hatua maalumu. Hatua zilizozoeleka ni milimita 0.25, 0.50, 0.75, na kwa baadhi ya injini 1.00. Kwa kawaida namba hiyo hugongwa juu ya kichwa cha pistoni, kama 25 au 50, na ya kiwandani huandikwa STD. Ndiyo maana dukani mtasikia fundi akiomba "ishirini na tano" au "hamsini".

Tuchukue mfano wa injini inayojulikana sana kwenye pampu zetu, Honda GX160. Silinda yake ina kipenyo cha milimita 68. Ikichongwa kwa hatua ya kwanza itakuwa 68.25, na ujazo wa injini utapanda kutoka sentimita za ujazo 163 hadi karibu 165. Ongezeko hilo ni dogo mno, kwa hiyo asije mtu akawaambia kwamba ovasaizi inaongeza nguvu. Inarudisha tu nguvu zilizokuwa zimepotea.

Ndugu wajumbe, jambo ambalo tungependa mlikumbuke kuliko mengine yote ni hili. Hatua hizi ni akiba, na kila ukichonga umetumia sehemu ya akiba hiyo. Ukuta wa silinda unapungua unene, na ukifika hatua ya mwisho hakuna tena pa kwenda ila kuweka mkono mpya wa silinda, yaani slivu, au kununua bloku nyingine. Injini inayochongwa kwa uangalifu na kutunzwa inaweza kufanya kazi miaka mingi kwa hatua moja. Injini ile ile ikichongwa ovyo inaweza kumaliza hatua zote kwa misimu michache. Kamati inayoidhinisha kuchonga inaidhinisha matumizi ya akiba isiyorudishwa.

Mpangilio sahihi wa kazi

Sasa tueleze kazi inavyopaswa kwenda. Hatuwafundishi kuwa mafundi kwa siku moja. Tunataka mjue ni wakati gani hatua fulani imerukwa.

Kwanza, silinda ipimwe. Kipimo hufanyika kwa geji ya kupimia ndani pamoja na maikromita, katika sehemu tatu: juu, katikati na chini, na kila sehemu kwa pande mbili zinazokatana. Hizo ni namba sita. Venia ya kawaida haitoshi kwa kazi hii, kwa sababu tunatafuta tofauti za sehemu za mia za milimita. Karatasi ya kawaida ya kuandikia ina unene wa karibu milimita 0.1, na nafasi tunayoitafuta ni ndogo kuliko nusu ya hiyo.

Pili, hatua ichaguliwe kutokana na vipimo. Tuseme silinda ya GX160 imepimwa na kukutwa 68.19 upande wa juu. Mtu atasema 68.25 ni kubwa kuliko 68.19, basi hatua ya kwanza inatosha. Inaweza isitoshe. Kuchonga kutoka 68.00 hadi 68.25 ni kuondoa milimita 0.125 tu kila upande. Kama uchakavu wote wa 0.19 uko upande mmoja, mashine itapita na kuacha doa ambalo halijaguswa, na italazimu kwenda hatua ya 0.50. Ndiyo sababu tunasema pistoni isinunuliwe kabla ya kupima silinda.

Tatu, pistoni inunuliwe na ipimwe kabla ya silinda kuchongwa. Wengi hugeuza mpangilio huu. Silinda inachongwa leo, pistoni inatafutwa kesho, kisha inaonekana kwamba dukani ipo ya hatua nyingine tu. Aidha, pistoni mbili zilizoandikwa namba moja lakini kutoka viwanda tofauti zinaweza kutofautiana kidogo. Pistoni hupimwa kwa maikromita sehemu ya chini ya sketi yake, upande unaokatana na pini, mahali kiwanda kinapoelekeza.

Nne, silinda ichongwe kuifuata pistoni hiyo hiyo. Kwa GX160 nafasi kati ya pistoni na silinda ikiwa mpya ni milimita 0.015 hadi 0.050, na ikifika 0.12 imepita kiwango cha kutumika. Pistoni ikipimwa 68.22, silinda ikichongwa 68.25 tunapata nafasi ya 0.03, na hiyo ni kazi nzuri. Lakini pistoni ikiwa 68.19 na mchongaji akafuata tu namba iliyoandikwa kwenye boksi, nafasi itakuwa 0.06. Injini itawaka na kwenda, lakini itakuwa imeanza maisha yake ya pili ikiwa tayari imechakaa.

Nafasi ikiwa ndogo mno hatari ni kubwa zaidi. Pistoni ni ya aluminiamu, ambayo kwa joto hutanuka takriban mara mbili ya chuma cha kusubu cha silinda. Injini ikipata moto, pistoni hujaa, hunata, na injini hukwama ghafla. Joto hilo hilo linaweza kudanganya hata wakati wa kupima. Pistoni ya milimita 68 iliyoachwa juani na kupata joto la nyuzi 20 zaidi ya silinda iliyo kivulini hukua kwa karibu milimita 0.03, yaani nafasi yote tunayoitafuta. Vitu vyote viwili vikae pamoja kivulini kwa muda kabla ya kupimwa.

Tano, silinda imaliziwe kwa mawe ya honi. Mashine ya kuchonga huacha sehemu chache za mia za milimita, na sehemu hiyo huondolewa kwa mawe yanayozunguka huku yakipanda na kushuka. Yanaacha michoro myembamba inayokatana kama msuko wa mkeka. Michoro hiyo hushika oili na kusaidia ringi kukaa vizuri. Silinda inayong'aa kama kioo inapendeza macho, lakini ringi mpya hazitakaa juu yake.

Sita, silinda ioshwe. Unga wa mawe ya honi ni msasa mtupu, na petroli peke yake hauondoi vizuri. Tumia maji ya moto, sabuni na brashi, kisha futa kwa kitambaa cheupe. Kikitoka kijivu, osha tena. Kikitoka cheupe, kausha na paka oili mara moja, kwa sababu chuma kisicho na oili huanza kushika kutu upesi. Hatua hii haihitaji mashine yoyote, na kuirukia kunaweza kuharibu kazi yote iliyotangulia.

Saba, mwanya wa ringi upimwe. Kila ringi huingizwa ndani ya silinda peke yake, husukumwa kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, na mwanya kati ya ncha zake hupimwa kwa fila geji. Kwa ringi mbili za juu za GX160, mwanya ukiwa mpya ni milimita 0.2 hadi 0.4, na ukifika 1.0 ringi imekwisha. Mwanya ukiwa mdogo mno ncha zitagongana injini ikipata moto, na ringi itavunjika au itakwaruza silinda. Fundi huupanua taratibu kwa tupa laini.

Mwisho, wakati wa kufunga, alama ya kichwa cha pistoni ielekee upande unaotakiwa na kiwanda, alama za ringi zitazame juu, na mianya ya ringi isipangwe mstari mmoja. Vibanio vya pini na gasketi viwe vipya. Bolti za hedi zikazwe kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, na si kwa kukisia.

Siku za kwanza

Injini iliyochongwa ni kama mgonjwa aliyetoka kufanyiwa upasuaji. Haraka haraka haina baraka. Saa za mwanzo isipewe mzigo kamili, wala isiachwe ikinguruma polepole kutwa nzima bila kazi. Ipewe mzigo wa kiasi, na mwendo ubadilishwe mara kwa mara ili ringi zikae. Oili ya kwanza ibadilishwe baada ya saa 20 za kazi, kwa sababu itakuwa imebeba chembechembe za chuma, na baada ya hapo kila saa 100. Kwa pikipiki, mwinjilisti aliyetoka kuchukua chombo gereji mjini asianze kwa kubeba magunia mawili kupanda nayo Kibosho. Siku za mwanzo apite barabara za tambarare akiwa peke yake.

Wakati ambapo ovasaizi siyo jibu

Tusije tukaondoka hapa tukidhani kila injini ichongwe. Ziko hali nne za kuzingatia. Misumeno mingi ya mnyororo na baadhi ya pikipiki zina silinda zilizopakwa tabaka gumu la nikeli au kromu. Hizo hazichongwi kwa njia hii, bali hubadilishwa silinda na pistoni kwa pamoja. Injini nyingi za dizeli za pawatila zina slivu inayong'olewa, na kwa hizo njia ya kawaida ni kuweka slivu mpya na pistoni ya STD. Kwa pikipiki nyingi za bodaboda, seti kamili ya bloku, pistoni na ringi hupatikana madukani, na pengine bei yake haizidi sana gharama ya pistoni pamoja na kuchonga, kwa hiyo kamati ilinganishe bei zote mbili. Na iwapo krenki imelegea, bloku ina ufa au konekting rodi imekula, pistoni mpya itakuwa kiraka kipya kwenye nguo iliyooza.

Maswali matano ya kamati

Ndugu wajumbe, tunapendekeza kwamba kabla ya kupitisha malipo yoyote ya kufungua injini, kamati ipate majibu ya maswali haya kwa maandishi:

1. Jaribio la mgandamizo lilionyesha nini, kabla na baada ya kuweka oili?
2. Namba sita za silinda ni zipi, na kiwango cha mwisho cha kiwanda ni kipi?
3. Injini hii iko hatua gani ya ovasaizi sasa, na zimebaki hatua ngapi?
4. Pistoni iliyonunuliwa imepimwa ikawa na kipenyo gani, na nafasi iliyokusudiwa ni ipi?
5. Kitu gani kiliifanya injini ichakae, na kimerekebishwa?

Swali la tano ndilo husahaulika zaidi. Kama chanzo kilikuwa chujio la hewa lililotupwa, na pistoni mpya ikawekwa bila chujio jipya, tutarudi hapa hapa baada ya misimu miwili tukiwa na hatua moja pungufu. Chujio ni kitu cha bei ndogo sana ukilinganisha na kazi hii yote.

Majibu hayo yaandikwe kwenye daftari la injini, pamoja na tarehe, saa za kazi, siku za kubadilisha oili na hatua iliyotumika. Makatibu wa kamati hubadilika, mafundi huhama, na msimamizi wa pampu huenda akawa mwingine mwakani. Bila daftari, fundi atakayekuja hatajua kama injini imeshachongwa mara moja au mara tatu mpaka aifungue. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Neno kwa wafadhili wetu

Ndugu wafadhili, tunawashukuru kwa mashine mlizotuwezesha kuzipata. Tunaomba mtusikilize katika jambo moja. Ni rahisi kupata fedha za injini mpya, kwa sababu injini mpya hupigwa picha na kukabidhiwa mbele ya watu. Ni vigumu kupata fedha za maikromita, geji ya silinda, fila geji na seti za pistoni za akiba. Hata hivyo, sanduku moja la vipimo linaweza kuhudumia sharika nyingi kwa miaka mingi, na kuokoa injini ambazo sasa zimelala kwenye stoo zikingoja kutupwa.

Tunapendekeza pia kwamba sharika zinazopakana zikubaliane kutumia aina moja ya injini pale inapowezekana, ili pistoni za hatua ya 25 na 50 ziwekwe pamoja na mafundi wazoee vipimo vyake. Na vijana wetu waliojifunza ufundi wasaidiwe kupata vifaa vya kupimia. Ardhi hii si ngeni kwa ufundi wa chuma. Wafua chuma wa Mamba walijulikana tangu enzi za mababu, SIDO imekuwa ikilea viwanda vidogo nchini tangu mwaka 1973, na chuo cha VETA hapa Moshi kinafundisha vijana. Mikono tunayo. Kinachopungua mara nyingi ni kipimo mkononi mwa fundi, na kamati inayomdai akitumie.

Vilevile tunaziomba kamati zibadilishe namna ya kutoa taarifa. Taarifa ya robo mwaka isiseme tu kwamba "pampu inafanya kazi". Iseme imefanya kazi saa ngapi, oili imebadilishwa mara ngapi, chujio lilikaguliwa lini na injini iko hatua gani. Mfadhili akisoma hivyo atajua mchango wake umefikia wapi, na kamati yenyewe itajua miezi kadhaa mapema kwamba fedha za matengenezo zianze kutengwa.

Kwa kumalizia, tunapendekeza kwamba kila usharika ufanye kazi moja kabla ya kiangazi kuanza. Nendeni kwenye stoo, hesabuni injini zilizolala, na kwa kila moja fanyeni jaribio la mgandamizo na kuandika namba zake. Baadhi zitakuwa zimekwisha kweli, na hizo ziuzwe bila kusitasita ili fedha zirudi kwenye mfuko. Nyingine zitakuwa na hatua mbili au tatu za akiba ambazo hazijaguswa, na hizo zinaweza kuwa zinamwagilia shamba la kikundi kabla ya fedha za injini mpya hazijapatikana. Orodha hizo zikiletwa kwetu, tutasaidia kuzipanga kwa aina, ili pistoni zinunuliwe kwa pamoja na kazi ya kuchonga ifanyike kwa awamu hapa mjini.